Bela ndogo, trekta dogo: jinsi ya kufunga marobota yasiyofumuka

Msimu huu nimepigiwa simu kutoka Ganda, Kakoneni, Langobaya, na moja kutoka Hindi, Lamu bara. Lugha ni ile ile kuhusu bela, mashine ya kufunga nyasi kavu kuwa marobota: "Bela haifungi." Mmoja keshabadilisha kifunga fundo kizima. Mwingine ameambiwa na fundi auze trekta anunue kubwa. Nilizikagua bela tatu kati ya hizo na zote zilikuwa nzima. Kilichokosea ni mkono wa dereva: plunja, ile nyundo inayoshindilia nyasi ndani ya bela, ikianza kugonga na trekta likianza kuyumba mbele na nyuma, anashtuka, anapunguza mafuta. Dakika mbili baadaye robota linatoka limelegea kama godoro la sufi lililorithiwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye trekta la nguvu za farasi 30 hadi 45 na bela ya marobota madogo ya pembe nne, ile ya kamba mbili, ambayo kiokoteo chake, yale meno yanayookota nyasi, kiko ubavuni. Ukiwa na haraka, shika hili moja: PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha bela, izunguke mara 540 kwa dakika tangu unyasi wa kwanza hadi wa mwisho. Trekta likilemewa, badilisha gia au punguza unene wa mstari wa nyasi. Mkono wa mafuta usiuguse.

Vitu vya kuandaa

Trekta. Bela nyingi za aina hii huomba farasi 35 kwenye PTO. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini, na mpaka nguvu ifike nyuma imeshapungua. Trekta la farasi 40 huweza kukupa 33 au 34 tu kwenye shafti. Linafanya kazi, lakini halikusamehe makosa.

Uzito. Bela tupu ina tani 1.2 hadi 1.6, huenda ikalizidi trekta lenyewe. Weka vizito mbele, tumia magurudumu yote manne ya kuvuta kama unayo, na usifunge tela nyuma ya bela. Marobota yaanguke chini, yataokotwa.

Kamba. Ya katani au ya plastiki, ila aina moja pande zote mbili. Mimi natumia katani. Mkonge unalimwa hapa hapa, mashamba ya Vipingo unayapita ukienda Mombasa, na kipande kikisahaulika zizini huoza. Ya plastiki ni ngumu na haikatiki ovyo, lakini ng'ombe akiimeza hukaa tumboni na kumziba.

Vingine: bolti za kukatika (zile zinazokatika zenyewe bela ikizidiwa) zisizopungua 10 za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha bela, bunduki ya grisi, spana, bisibisi, kisu kikali, mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, chupa ya jemu yenye kifuniko, chumvi laini kidogo, nondo ya mita moja na nusu, madumu mawili ya maji na kizimamoto cha unga.

Kwanza nguo

Kikoi na msuli vibaki nyumbani. Vaa suruali, shati lililochomekewa, viatu vilivyofungwa. Anayekusaidia akiwa mama, leso aifunge vizuri au aiache kwenye mti. Shafti ya PTO kwa mizunguko 540 huzunguka mara 9 kwa sekunde moja. Ikishika pindo la nguo, hutapata nafasi ya kupiga kelele.

Plastiki ya kufunika shafti iwepo na iwe nzima. Hakuna kuruka shafti inayozunguka, hakuna kusukuma nyasi kwa mguu kwenye kiokoteo. Kabla ya kugusa chochote ndani ya bela: toa PTO, zima injini, ufunguo mfukoni, kisha subiri flaiwili isimame kabisa. Ile flaiwili, lile gurudumu zito la mbele ya bela, huendelea kuzunguka baada ya injini kunyamaza, na sindano, zile zinazopeleka kamba kwenye vifunga fundo, huweza kupanda wakati huo.

Hatua ya 1: Kata na ukaushe kwa saa ya pwani

Nyasi ya Rhodes ikatwe inapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zikauke utapata uzito mwingi na lishe kidogo. Acha kisiki cha sentimita 8 hadi 10. Visiki hivyo vinaziinua nyasi zilizolala ili upepo upite chini yake, na meno ya kiokoteo hayachimbi udongo.

Kabla ya kukata, tembea shamba lote kwa miguu. Huku kwetu natafuta vitu vitatu: mwamba wa matumbawe unaochungulia, visiki vya mikoma, na matawi ya mathenge. Jiwe huvunja meno, kisiki huzima trekta, na mwiba wa mathenge ukiingia kwenye robota utamkuta mnyama mdomoni.

Ukaushaji ndio unaotutofautisha na watu wa bara. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nyasi niliyokata asubuhi huwa tayari kesho yake alasiri. Nyasi za masika hukomaa kusi ikiwa bado inaleta manyunyu, na hapo hesabu siku 3 au 4, ukizigeuza angalau mara moja kila siku. Majani yenye mashina manene kama ginia ongeza siku, maana jani hukauka na shina likabaki na maji.

Robota dogo lifungwe unyevu ukiwa kati ya asilimia 12 na 18. Kwa hewa ya Malindi mimi sivuki 15. Kipimo cha mashine ni ghali, kwa hiyo fanya hivi. Choma chumvi kijiko kimoja kwenye kikaango mpaka iwe kavu kabisa, iache ipoe. Kata nyasi vipande vya sentimita mbili tatu, jaza nusu ya chupa ya jemu, mimina chumvi, funga, tikisa kwa dakika mbili. Chumvi ikibaki inamwagika kama mchanga, unyevu uko kwenye 15 au chini yake. Ikijikusanya au ikigandia kioo, rudi nyumbani. Chumvi usiikaange mapema ukaiacha wazi. Hewa yetu huinywesha maji ndani ya saa moja nawe utailaumu nyasi bure.

Chukua pia shina nene kuliko yote na ulikwaruze kwa ukucha. Likitoa maji au gamba likivuka laini, bado.

Saa za kufunga ni saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Kabla ya hapo umande haujaondoka, baada ya hapo unyevu umeanza kurudi.

Umefaulu ukiona: rangi ya kijani iliyopauka, harufu ya majani chai, na konzi ya nyasi ukiikunja mara tatu nne inakatika kwa mlio.

Hatua ya 2: Panga mistari kulingana na trekta lako

Hapa ndipo wenye trekta dogo wanapotea. Wamemwona mwenye farasi 75 anakusanya mistari miwili kuwa mmoja mnono, nao wanaiga.

Pima. Baada ya kupitisha reki, kata mita moja ya mstari kwa kisu, zijaze nyasi zile kwenye gunia, tundika kwenye mizani. Lengo ni kama kilo moja kwa kila mita.

Hesabu yake ni hii. Ukienda kilomita 3 kwa saa, unapita mita 50 kwa dakika, kwa hiyo bela inameza kilo 50. Kwa robota la kilo 14 hayo ni marobota matatu na nusu kwa dakika. Plunja ya bela nyingi hupiga mara 80 hivi kwa dakika, basi kila robota limeshindiliwa kwa mapigo 22 au zaidi, kila pigo na kipande chembamba. Trekta la farasi 35 hufanya hivyo likiwa linaimba. Mstari ukiwa na kilo mbili kwa mita, mwendo ule ule, mapigo yanashuka hadi 11 na kila kipande kimekuwa kinene maradufu. Hapo ndipo trekta huanza kukohoa.

Mstari uwe na upana unaokaribiana na wa kiokoteo, na unene ulio sawa kushoto na kulia. Mstari wenye mabonge ni mbaya kuliko mstari mnene, kwa sababu bonge hufika kwenye plunja lote kwa mara moja.

Ncha za shamba ziache wazi. Bela iliyo ubavuni inahitaji nafasi ya kugeuka, na kona kali huvunja shafti.

Hatua ya 3: Unganisha trekta na bela

Chuma cha kuvutia kiwekwe ili umbali kutoka ncha ya shafti ya PTO ya trekta hadi tundu la pini uwe sentimita 36. Hiki ndicho kipimo cha PTO ya 540. Ukikipuuza, shafti itagota ndani kwa ndani unapogeuka, au itachomoka.

Pini iwe nene na iwe na kizuizi chake. Bela husukuma na kuvuta kila plunja inapokwenda na kurudi, na pini iliyolegea hula tundu mpaka liwe kama yai. Hakikisha kitasa cha shafti kimelia "tak" mahali pake, halafu ivute kwa mikono miwili kuthibitisha.

Trekta la zamani ambalo PTO yake husimama unapokanyaga klachi lina hatari yake. Ukikanyaga, flaiwili bado inazunguka na inarudisha nguvu kwenye gia, trekta linaendelea kusogea wakati wewe unadhani umesimama. Nunua kile kifaa cha kati kinachopitisha mzunguko upande mmoja tu, kivae kwenye shafti. Trekta lenye PTO inayojitegemea halina shida hii.

Weka grisi kila chuchu na oili kila mnyororo. Vifunga fundo navyo vifutwe vumbi kwanza. Wenye mashamba karibu na bahari, Gongoni na Marereni hasa, mkumbuke kwamba chuma kilicholala wiki mbili kinaota kutu, na kidomo cha kifunga fundo chenye kutu hakiachii fundo. Kisugue mpaka king'ae.

Hatua ya 4: Tia kamba

Mabunda ya kamba huwekwa mawili mawili au zaidi kwa kila upande. Mwisho wa nje wa bunda la kwanza huungwa na mwanzo wa katikati wa bunda la pili kwa fundo la mraba. Kaza, kata mikia ibaki sentimita moja au mbili. Mikia mirefu hukwama kwenye tundu la sindano. Kamba ya kushoto na ya kulia zisikutane popote.

Pitisha kila kamba kwenye matundu yake, kwenye kibano cha kuipa mkazo, kisha kwenye tundu la sindano, na mwisho ufunge kwenye chuma cha fremu kilicho karibu. Kibano kiwe na mkazo wa kutosha kamba isijikunje, lakini iweze kuvutwa kwa mkono mmoja bila kuhema.

Hatua ya 5: Zungusha kwa mkono

Wengi wanairuka hatua hii, ndiyo maana wanagundua kosa shamba likiwa limejaa nyasi.

Shafti ikiwa imetolewa kwenye trekta, vuta kile kiwashio cha vifunga fundo, halafu zungusha flaiwili kwa mikono kuelekea upande wake wa kawaida wa kuzunguka. Usiirudishe nyuma. Tazama sindano zinavyopanda. Zinapaswa kuingia kwenye njia zake wakati uso wa plunja umeshazifunika, ziache kamba kwenye sahani za kuishikilia, zirudi chini. Zikigusa chuma chochote, simama. Muda wa sindano na plunja umeachana, na hiyo ni kazi ya kufanya ukiwa na kitabu cha bela mkononi.

Mzunguko ukikamilika, kamba zimeshikwa juu. Ondoa fundo tupu lililobaki kwenye kidomo. Rudisha shafti kwenye trekta, bela iko tayari.

Hatua ya 6: Anza kufunga

Ingia mstari ukiwa kulia kwako. Gia ya chini kabisa ile ya kutambaa. Unganisha PTO injini ikiwa inanguruma taratibu, subiri flaiwili ichanganye, kisha panda mpaka alama ya 540 kwenye saa ya dashibodi. Kwenye matrekta mengi madogo alama hiyo iko karibu na mwisho wa uwezo wa injini, kelele yake inatisha, na mwenye trekta anaona kama analiua. Haliumii. Limetengenezwa kufanya kazi hapo.

Kama trekta lako lina chaguo la PTO ya kubana mafuta, ile inayotoa 540 kwa injini ya chini, usiiguse kwa bela. Nguvu iliyobaki hapo ni ndogo.

Sasa turudi kwenye kosa lenyewe. Plunja inagonga, trekta linayumba, wewe unapunguza mafuta. Nini kimetokea? Kwenye trekta la gia, magurudumu na PTO vimepungua kwa pamoja. Kipande cha nyasi kinachoingia kwa kila pigo kimebaki na unene ule ule, ila nyundo imekuwa nyepesi. Nguvu iliyomo kwenye flaiwili hufuata mraba wa mzunguko: ukishuka kutoka 540 hadi 400, umebaki na zaidi kidogo ya nusu. Plunja inasita katikati ya njia, nyasi zinajazana mbele yake, bolti inakatika au injini inazimika. Na ikizimika sindano zikiwa juu, una saa nzima ya kutoa nyasi kwa mkono kwenye jua la Langobaya.

Dawa ni kushusha gia. Gia ikishuka, magurudumu yanapungua lakini PTO inabaki 540, kwa hiyo kipande kinakuwa chembamba. Kama uko kwenye gia ya chini kabisa na bado linalemewa, sogeza trekta kushoto kidogo ili kiokoteo kichukue theluthi mbili ya mstari, urudi kwa kilichobaki. Wenye trekta la kanyagio, lile lisilo na gia za kupanga, mmepata bahati: legeza kanyagio tu, mafuta yabaki juu.

Ukiona bonge mbele, kanyaga klachi ya mwendo kabla halijafika, acha bela imalize iliyo nayo, kisha liingie polepole.

Mwendo sahihi ni wa mtu anayetembea na mtoto wa miaka minne kamshika mkono.

Hatua ya 7: Lisome robota

Marobota mawili ya kwanza huwa malegevu kwa kuwa chemba, kile chumba cha kushindilia nyasi, ilikuwa tupu. Yafungue, yarudishe mstarini. La tatu ndilo la kusoma. Zima kila kitu, shuka.

Linyanyue kwa kamba zote mbili. Ukiingiza vidole viwili chini ya kamba kwa kulazimisha, mkazo ni mzuri. Kiganja kizima kikiingia, kaza mikono miwili ya nyuma ya chemba, nusu mzunguko kila mmoja, idadi sawa kushoto na kulia. Usizidishe kwa hamu ya robota zito. Mkazo huo wote unalipwa na trekta lako dogo, na kamba ya katani ina kikomo chake.

Nyasi kavu ya saa saba mchana huteleza, inataka mkazo zaidi. Ikifika saa kumi unyevu unarudi, nyasi inashika kuta za chemba, na robota la mkazo ule ule linaongezeka uzito. Legeza robo mzunguko. Ukisikia plunja imebadilisha sauti jioni na hukugusa kitu, ni hilo.

Hesabu mapande ya robota, yale yanayofunguka kama kurasa. Yakiwa 16 hadi 22, uko salama. Chini ya 12, unakwenda mbio au mstari ni mnene.

Robota likijipinda kama ndizi, upande mmoja wa chemba unapata nyasi nyingi kuliko mwingine. Kwanza angalia kama unaendesha katikati ya mstari. Likiendelea, na hasa mstari ukiwa mwembamba, sogeza meno ya kusukumia nyasi yafike ndani zaidi, upande wa mbali wa chemba. Tundu moja tu kwa wakati mmoja.

Fundo likikataa

Usiguse springi yoyote kabla ya kuokota kamba iliyoshindwa na kuitazama kwa karibu. Kamba yenyewe inasema.

Nilipokwenda Kakoneni mwenye shamba alikuwa amekaza kila nati aliyoiona. Niliokota kamba chini: mwisho mmoja una fundo zuri, mwingine umenyooka, umechanika kidogo kama mswaki. Hiyo ni kamba iliyochomoka kwenye sahani ya kushikilia kabla fundo halijaisha. Tulikaza springi ya sahani robo mzunguko, tukafunga marobota matano, tukakaza robo nyingine. Ikatosha. Zile nati nyingine ilibidi tuzirudishe moja moja, na hapo ndipo mchana ulipokwisha.

Mwisho wa kamba ukiwa umekatika hapo hapo kwenye fundo, na fundo limeng'ang'ania kidomo, basi kidomo kimekaza mno, kina kutu, au mkono wa kuvua fundo haukigusi vizuri. Unapaswa kukipangusa unapopita.

Miisho yote miwili ikiwa na nyuzi nyuzi badala ya kukatika safi, noa kisu. Ni kazi ya dakika tano kwa jiwe la kunolea.

Kamba ikiwa haina alama ya fundo kabisa, haikufikishwa juu: sindano imepinda, kibano kimelegea, au bunda limejinyonga ndani ya sanduku. Anza na sanduku, aghalabu ni hilo.

Na kama inashindwa upande mmoja tu, badilisha mabunda kushoto kwenda kulia. Tatizo likihama na bunda, umenunua kamba mbovu. Katani yenye sehemu nene na nyembamba haina tiba ya spana.

Bolti ikikatika

Imefanya kazi yake. Flaiwili imeachana na plunja ili sindano zisivunjike. Tafuta sababu kwanza: jiwe, bonge, kisiki. Toa nyasi zilizokwama, weka bolti mpya ya aina ile ile, ndipo urudie hatua ya 5 kwa mkono.

Mimi niliwahi kuishiwa bolti wingu likiwa linasimama upande wa bahari. Nikatia bolti ngumu niliyoikuta kwenye sanduku la spana. Haikukatika. Kilichovunjika ni sindano, na bei yake ilimeza faida ya wiki nzima. Ndiyo sababu pale juu nimesema 10 na si 2.

Zikikatika tatu kwa siku moja, rudi kwenye mizani: mstari wako ni mnene. Na uangalie kisu cha plunja, kikiwa butu kinararua badala ya kukata.

Hatua ya 8: Kubeba na kuhifadhi

Marobota yasilale shambani usiku. Umande unaingia.

Banda lolote lenye paa zuri linafaa. Makuti hupumua vizuri kuliko bati, ila cheche moja inatosha, kwa hiyo jiko na sigara zikae mbali. Chini tandika boriti au mbao, kamwe si sakafu tupu. Safu ya kwanza ilaze kwa ubavu ili kamba zisigusane na boriti, acha nafasi ya mtu kupita kati ya nyasi na ukuta.

Wiki tatu za mwanzo, choma nondo katikati ya rundo kila jioni, iache robo saa, ichomoe, ishike. Ya uvuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza hata usiweze kuishikilia, ndani kumepita nyuzi 60, bomoa rundo siku hiyo hiyo, na madumu ya maji yawe karibu: nyasi zilizofungwa mbichi hushika moto zenyewe.

Robota lenye vumbi jeupe usiliuze kwa mwenye punda. Ng'ombe huenda akavumilia, punda atakohoa mwezi mzima.

Kwa wateja wa Lamu kisiwani nafunga robota fupi, sentimita 75, kilo 12 tu. Linashushwa Mokowe, linapanda mashua, linashuka gatini, na mwisho linabebwa begani au mgongoni mwa punda yule yule atakayelila. Turubai lifunike juu na lipande pande zote mbili za mashua kabla ya kung'oa nanga. Robota la chini kabisa liwekwe juu ya mbao, maana maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya mashua, hayana subira.